Uzi: Gauni na sketi kwa pateni za zamani na za sasa. Saizi, kupanua, zipu, kikwapa, upindo

PiniNaChaki (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nataka tuweke sehemu moja mambo ya kushona magauni na sketi nyumbani kwa kutumia pateni (karatasi za kukatia nguo), za miaka ya zamani na zinazotoka sasa. Naanza na kazi iliyopo mezani.

Pateni ni ya gauni ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Juu imekaa mwilini, ina mkato kiunoni, mkono mfupi wa kuunganishwa begani, sketi ya vipande 6 inayofunguka kuelekea chini, zipu ubavu wa kushoto. Bahasha inasema saizi 14: kifua inchi 34, kiuno 26, hipsi 36.

Vipimo vya mvaaji: kifua cha juu (futikamba ikipita chini ya kwapa, juu ya matiti) sm 86, kifua kamili 92, kiuno 76, hipsi 102, mgongo kuanzia mfupa wa shingo hadi kiunoni 40.

Maswali: (1) Saizi 14 ya bahasha hii ni sawa na 14 ya leo? (2) Nipanue wapi na kwa kiasi gani? (3) Bahasha inataka yadi 4¾ za kitambaa cha upana wa inchi 35, upana ambao siupati. Ninunue mita ngapi? (4) Zipu ibaki ubavuni au niihamishie mgongoni?

---

Sindano80

Nianze na saizi, maana hapo ndipo vitambaa vingi vinapoharibika kabla mkasi haujagusa kitu.

Namba ya saizi kwenye pateni za Marekani imebadilika maana zaidi ya mara moja. Pateni za kabla ya katikati ya miaka ya 1950, saizi 14 ilikuwa kifua inchi 32. Zikaja za kundi lako, 14 ikawa kifua 34, kiuno 26, hipsi 36. Kisha mwaka 1967 na 1968 kampuni zikapanga upya, 14 ikawa kifua 36, na ndivyo ilivyo mpaka leo kwenye Simplicity, McCall's, Butterick na Vogue. Kwa hiyo namba ileile 14 inaweza kuwa sm 81, 86.5 au 92 kutegemea mwaka. Namba iache. Soma inchi za kifua zilizoandikwa pembeni yake.

Angalia pia namba iko kundi gani. Saizi za namba witiri (11, 13, 15) ni za Junior, kifua kiko juu zaidi na mgongo ni mfupi. Zenye nusu (16½, 18½) zilichorwa kwa mwanamke mfupi mwenye kiuno kipana. Mtu mwenye mgongo wa sm 40 wakati mwingine hukaa vizuri zaidi kwenye pateni ya nusu kuliko ya kawaida, na watu huzipita bila kuziangalia.

Burda, jarida la pateni la Ujerumani, ni habari nyingine. Namba zake ni za Ulaya: 38 ni kifua sm 88, 40 ni 92, na imechorwa kwa mtu wa urefu wa sm 168. Zile za ndani ya jarida hazina akiba ya mshono (kitambaa cha ziada kati ya mshono na ukingo), unanakili mstari halafu unaongeza mwenyewe, kwa kawaida sm 1.5 kwenye mishono na sm 4 kwenye upindo. Aliyezoea pateni za Marekani, ambazo akiba ya sm 1.5 imo tayari, akikata Burda bila kuongeza anapoteza sm 3 kwa kila mshono mmoja, yaani 6 kwa mishono miwili ya ubavuni. Gauni halifungi. Upande wa pili, pateni nyingi za miaka ya 1930 na 1940 zina akiba ya nusu inchi tu, yaani sm 1.3, au hata pungufu kwenye shingo. Karatasi ya maelekezo inasema. Isome kabla ya kudhani.

---

BobiniMbili

Kwenye swali la pili, hesabu ni nyepesi. Pateni ni kifua sm 86.5, mvaaji ni 92. Tofauti 5.5. Vipande ni vinne (nusu mbele mara mbili, nusu nyuma mara mbili), kila kimoja kinaongezwa sm 1.4 ubavuni. Kiuno cha pateni ni sm 66, unahitaji 76, tofauti 10, kila kipande 2.5. Unganisha 1.4 ya kwapani na 2.5 ya kiunoni kwa mstari mmoja, umemaliza.

---

Mshazari

BobiniMbili, hesabu yako ni sahihi kama hesabu, ila gauni litakaa vibaya. Tazama tena vipimo alivyoleta: kifua cha juu ni 86. Pateni ni 86.5. Maana yake mabega, shingo, upana wa mgongo na tundu la mkono vya karatasi hiyo tayari vinamtosha. Kilichozidi ni matiti peke yake, tena upande wa mbele tu. Ukiongeza 1.4 kila ubavu umeupa mgongo sm 2.8 ambazo hauzihitaji, tundu la mkono limeshuka na kupanuka, mkono haulingani nalo tena, na mbele bado kitambaa kinavuta kwa sababu urefu wa kupita juu ya titi haujaongezeka hata kidogo. Gauni linabana mbele na kuning'inia nyuma kwa wakati mmoja.

Kanuni inayofuatwa: chagua pateni kwa kifua cha juu. Pateni nyingi zimechorwa kwa tofauti ya sm 5 kati ya kifua cha juu na kifua kamili. Ikizidi hapo, panua mbele pekee. Hapa tofauti ni 6, na karatasi ni 86.5, kwa hiyo kinachopungua ni 92 − 86.5 = 5.5. Nusu yake, 2.75, inaingia kwenye kipande cha mbele (kile kimoja unachokikata kitambaa kikiwa kimekunjwa).

Utaratibu. Nakili kipande cha mbele kwenye karatasi nyingine. Ile ya asili usiikate kabisa, karatasi ya miaka hiyo ni kavu na haina mbadala. Iegemeze mwilini, weka alama ya ncha ya titi mahali ilipo kwa mvaaji, si mahali pateni inapodhani. Chora mstari kutoka katikati ya dati ya kiuno (dati ni mkunjo wenye ncha unaoshonwa ili kitambaa kifuate umbo la mwili) kwenda juu hadi ncha ya titi, halafu ugeuke kuelekea tundu la mkono, theluthi ya chini. Mstari wa pili unatoka katikati ya dati ya ubavuni hadi nchani. Kata mstari wa kwanza kuanzia kiunoni, pita nchani, endelea hadi mstari wa kushona wa tundu la mkono na uishie hapo, ibaki bawaba ya mm 2. Kwenye akiba ya mshono chanja kutoka nje hadi bawaba hiyo. Kata mstari wa pili kutoka ubavuni, uishie mm 2 kabla ya ncha.

Sasa sogeza upande wa ubavuni mpaka pengo kwenye ncha ya titi liwe 2.75, na kingo mbili za mstari wa kwanza kuanzia nchani kushuka kiunoni ziwe sambamba. Utaona dati ya ubavuni imejifungua yenyewe na upande wa ubavuni umeshuka kuliko upande wa katikati. Kata mstari mlalo kwenye upande wa katikati, chini ya ncha, ukishushe kile kipande hadi kiuno kiwe sawa. Weka karatasi nyuma ya mapengo, gandisha. Chora dati upya, zote mbili ziishie sm 2 hadi 2.5 kabla ya ncha ya titi. Dati ikifika nchani kabisa inatoa kichongo.

Ulichopata: upana juu ya titi, na urefu. Ule urefu ndio unaosahaulika, na ndio unaozuia kiuno kupanda mbele.

Na kiuno kinajisaidia. Dati ya kiuno sasa ina pengo la ziada la 2.75. Usilifunge. Shona dati kwa upana wake wa zamani, mbele kwote unapata sm 5.5 kiunoni bila kugusa ubavu. Umebakiwa na 10 − 5.5 = 4.5 za kutafuta, gawa kwa nne, ni 1.1 kila kipande, zianze sifuri kwapani na kufika 1.1 kiunoni. Tundu la mkono halijaguswa na mkono unaingia kama ulivyochorwa.

---

BobiniMbili

Mshazari, nakubali kwa vipimo hivi. Ila mtu ambaye kifua cha juu chenyewe kimezidi pateni atafanyaje? Tuseme 92 juu na 97 kamili, karatasi ileile ya 86.5.

---

Mshazari

Huyo umbo lake lote ni kubwa kuliko pateni, kwa hiyo unapandisha saizi nzima, na hata hapo usiweke yote ubavuni. Kila kipande chora mstari wa wima kutoka katikati ya bega hadi kiunoni, kata, fungua sm 0.4. Sm 1 iliyobaki iweke ubavuni. Hapo umefika 92; sm 5 zilizobaki kufikia 97 zinaingia mbele pekee, kwa utaratibu nilioeleza juu. Mkono unaupanua sm 1 kila upande wa chini ya kwapa, na kichwa chake sm 0.4 kwa mbele na 0.4 kwa nyuma, maana bega limerefuka. Ukivuka ongezeko la sm 10 jumla, mistari miwili ya wima ni bora kuliko mmoja. Mbali zaidi ya hapo tafuta pateni nyingine, shingo na tundu la mkono huanza kupoteza umbo.

---

Kikwapa_na_Kaba

Niongezee kitu ambacho hakuna bahasha ya zamani inakuambia: nafasi ya kujongea. Kipimo cha bahasha ni cha mwili, si cha gauni. Pima karatasi yenyewe. Weka futikamba kwenye usawa wa kifua kutoka mstari wa katikati hadi mstari wa kushona ubavuni, ondoa dati zinazopita hapo, fanya hivyo mbele na nyuma, jumlisha, zidisha kwa mbili. Ukitoa kipimo cha mwili, kilichobaki ndiyo nafasi.

Sehemu ya juu ya gauni la miaka ya 1950 inaweza kukupa sm 5 hadi 8 kifuani na 2 hadi 3 tu kiunoni. Gauni lilikusudiwa kuvaliwa juu ya nguo ya ndani inayobana kiuno. Pateni za sasa za kampuni kubwa mara nyingi zina nafasi zaidi ya hiyo, ndiyo maana anayefuata jedwali la bahasha analalamika kwamba gauni limekuwa gunia. Za sasa nyingi zina kipimo cha nguo iliyokamilika kimechapwa juu ya karatasi, karibu na alama ya duara yenye msalaba, kifuani na kwenye hipsi. Chagua saizi kwa hicho.

Sketi ya vipande 6: kiuno kimeongezeka sm 10, vipande 6 vina kingo 12, kila ukingo ongeza sm 0.83, iwe 0.8 na utakuwa karibu sana. Halafu pima sm 20 chini ya kiuno, jumla isipungue 107 kwa hipsi za 102. Ikipungua, panua kingo hapo hapo, mstari uende taratibu hadi upindoni.

Mgongo ni 40. Pima karatasi kutoka shingoni nyuma hadi mstari wa kiuno. Ikisoma 41.5, ondoa 1.5 kwa kukunja karatasi kwenye mstari wa kufupishia ulioko kati ya kwapa na kiuno. Usikate chini, utapoteza dati. Mbele usikunje mpaka ujaribu marikani (gauni la majaribio), kwa sababu ule urefu wa Mshazari umeshaingia.

---

PiniNaChaki

Asanteni, hapa nimeelewa. Marikani nikate na nini kingine? Na yale maswali ya kitambaa na zipu?

---

Sindano80

Marikani: kata juu na mikono, na sehemu ya juu ya sketi sm 25 tu. Kaba (kipande kinachofunika ukingo wa shingo kwa ndani) na bitana achana navyo. Ubavuni weka akiba ya sm 2.5. Chora kwa penseli mstari wa katikati mbele na nyuma, usawa wa kifua, na kiuno. Shona kwa urefu wa mm 4 ili ufumue haraka. Shingoni usikate akiba, chanja kidogo tu, la sivyo shingo itaonekana finyu na utaipanua bure.

Kisha soma mikunjo. Mikunjo inayoelekea nchani mwa titi, hapo kunataka nafasi. Mkunjo mlalo mgongoni juu kidogo ya kiuno, mgongo wa pateni ni mrefu au wa mvaaji una mbonyeo. Bana kwa pini, pima, ondoa kiasi hicho katikati nyuma ukimalizia sifuri ubavuni. Mikunjo ya mshazari kutoka shingoni kwenda kwapani, bega la pateni ni la mtu mwenye mabega yaliyonyooka kuliko mvaaji. Mshono wa ubavuni ukikaa nyuma ya mstari wa mwili, mbele kumezidi upana. Hamisha sm 0.5 hadi 1 kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa marekebisho haya ya kiuno hilo la mwisho linawezekana sana, liangalie.

Kitambaa: yadi 4¾ ni mita 4.34. Upana wa inchi 35 ni sm 89. Eneo ni 4.34 × 0.89 = mita za mraba 3.86. Kwa kitambaa cha sm 150: 3.86 ÷ 1.5 = 2.57, ongeza karibu asilimia 12, nunua mita 2.9. Kwa cha sm 115: 3.36, nunua 3.8. Umepanua pateni, kwa hiyo usiende chini ya hapo. Michoro ikiwa na juu na chini, au kitambaa kina manyoya kama mahameli, vipande vyote vinaelekea upande mmoja na vile vya sketi haviwezi tena kupandana kichwa na miguu. Hapo panga vipande sakafuni kwenye upana halisi kabla ya kununua. Mpangilio uliochorwa kwenye karatasi ya maelekezo haukusaidii, ni wa upana mwingine.

Fua kitambaa kwanza namna ileile kitakavyofuliwa baadaye. Pamba inaweza kunywea asilimia 3 hadi 5. Kwenye mgongo wa sm 40 hiyo ni sm 1.2 hadi 2, kiuno kinakwenda mbavuni.

---

UziMweupe

Zipu. Yako iache ubavuni kama mgongo hauna mshono katikati. Ukiihamisha unaongeza mshono kwenye kipande kilichochorwa kikiwa kizima, lazima uongeze akiba ya sm 1.5 mgongoni juu na kwenye sketi, na shingo iliyopambwa kwa kaba moja inakatika. Inafanyika, na kuvaa inakuwa rahisi. Lakini zipu ya ubavuni yenye ukingo mmoja unaoifunika inapendeza kwenye gauni la aina hii, haikati mchoro mgongoni. Kwa zipu ya ubavuni, pateni za zamani zilitumia inchi 12 hadi 14, sm 30 hadi 36, katikati yake ikiwa kwenye kiuno, na mshono unabaki umefungwa juu kwapani na chini kwenye hipsi. Sketi peke yake ilitosha inchi 7, sm 18.

Anayetaka zipu isiyoonekana kwa pateni ya sasa: nunua ndefu kwa sm 5 kuliko nafasi, maana hutaweza kushona mpaka mwisho, kishikio kinazuia. Gandisha ukanda wa gamu jepesi (kitambaa chenye gundi) wa sm 2.5 kwenye akiba ya mshono kabla, hasa kitambaa chepesi. Bila huo zipu inafanya mawimbi, kwa kuwa kitambaa kinatanuka chini ya cherehani na utepe wa zipu hautanuki. Fungua zipu, pitisha pasi ya joto la chini kwenye meno kwa upande wa nyuma ili yasimame. Shona upande mmoja kwa guu lake maalumu. Funga zipu, weka alama ya penseli kwenye utepe wa pili mahali mshono wa kiuno unapofika. Fungua, piga bandi kwa mkono sm 2 kila upande wa alama hiyo, funga tena uangalie. Zikilingana ndipo ushone upande wa pili mzima. Mshono wa chini wa zipu unashonwa mwisho, kwa guu la zipu la kawaida, ukianza mm 3 juu ya pale uliposimama na kando yake kidogo sana. Ukianza chini zaidi linabaki tundu, ukiingia ndani linatokea tuta.

---

Kikwapa_na_Kaba

Kwa kuwa kikwapa kimetajwa kwenye kichwa cha uzi na hakuna aliyekigusa: magauni mengi ya miaka ya 1950 yana mkono uliokatwa pamoja na kiwiliwili, na chini ya kwapa kuna kikwapa, kipande cha umbo la almasi kinachoingizwa kwenye mpasuo. Watu wanaogopa pateni hizo na kuziacha. Kazi yote iko kwenye ncha ya mpasuo, sehemu nyingine ni kushona tu.

Usikate mpasuo mapema. Hamisha mstari wake kwa uzi wa rangi, mbele na nyuma. Kata mraba wa sm 5 wa kitambaa chepesi imara, uweke upande wa nje, katikati yake ikae juu ya ncha. Shona kwa mm 1.5 kwenye mstari wa kushona, ukipanda hadi nchani, piga mshono mmoja wa kulala pale juu, shuka upande wa pili. Ule mshono mmoja wa kulala ndio unaokupa nafasi ya kugeuza bila kukunjamana. Sasa kata katikati mpaka ubaki uzi mmoja kabla ya mshono. Geuza mraba ndani, piga pasi. Ncha sasa ina akiba yake ya bandia na haiwezi kuchanika.

Shona mshono wa ubavuni na wa chini ya mkono kwanza. Kisha kikwapa, ukingo mmoja kwa wakati: anzia mwisho wa upana, malizia nchani, mpasuo ukiwa juu na kikwapa chini kwenye meno ya cherehani. Nyanyua mkasi, kata uzi, anza ukingo wa pili upya kutoka mwisho wake. Anayejaribu kuzungusha ncha kwa mshono mmoja usiokatika anapata kikunjo karibu kila mara. Kikwapa kikate mshazari, mkono ukiinuliwa kitambaa kitanyooka nao.

Kikwapa kikiwa kikubwa mno kinaning'inia chini ya mkono kama mfuko. Kikiwa kidogo, gauni zima linapanda mkono ukinyanyuliwa. Hakuna namna ya kujua bila marikani.

---

BobiniMbili

Swali la mkono wa kuunganisha. Kwenye pamba nzito kichwa cha mkono kinatoa vikunjo hata ukipiga mistari miwili ya kuvutia uzi. Tatizo ni nini?

---

Mshazari

Pima kabla ya kushona. Zungusha futikamba kwenye mstari wa kushona wa kichwa cha mkono, halafu kwenye tundu la mkono mbele na nyuma. Kichwa kikizidi tundu kwa sm 2.5 hadi 3.5, kinaingia vizuri. Pateni nyingi, za zamani na za sasa, zina 4 au zaidi. Sufu inakubali kiasi hicho kwa mvuke wa pasi, pamba iliyofumwa kwa kubana haikubali. Punguza karatasi: kunja mlalo kwenye kichwa sm 0.5 hadi 0.7, chora ukingo upya, pima tena. Usiushushe sana, mkono utaanza kuvuta begani.

Na usichanje akiba ya sehemu ya juu ya kichwa. Hiyo ndiyo inayobeba umbo. Punguza chini ya kwapa tu, ibaki sm 0.6 na mshono wa pili.

---

Nyuzi_Sita

Naomba kuingiza sketi ya duara kamili, maana pateni hauihitaji na watu wengi wanaikosea. Kiuno 76. Nusu kipenyo cha duara kamili ni 76 ÷ 6.28 = sm 12.1. Cha nusu duara ni 76 ÷ 3.14 = 24.2. Huo ni mstari wa kushona. Mkasi unapita sm 1.5 ndani yake, yaani 10.6 na 22.7. Kosa la kawaida ni kukata kwenye 12.1 kisha kushona 1.5 ndani ya kitambaa: kiuno kinakuwa karibu sm 85.

Kwa kitambaa cha sm 150, duara zima bila mshono linakupa urefu usiozidi 75 − 12.1 − 1.5 ya upindo = sm 61.4. Ukitaka 65, gawa nusu mbili zenye mishono ubavuni, andaa karibu mita 3.2.

Kabla ya kugusa kingine, shona mstari wa mm 2 kuzunguka kiuno, sm 1.2 kutoka ukingoni. Sehemu kubwa ya duara iko kwenye mshazari na inatanuka mikononi mwako wakati unaibebabeba. Kiuno kilichokuwa 76 kinafika 80 bila kuonekana.

---

PiniNaChaki

Na upindo wa sketi kama hizo? Wangu unafunguka, si duara kamili, lakini vipande vina mshazari pembeni.

---

Nyuzi_Sita

Ning'iniza gauni likiwa limekamilika, saa 24 kwa pamba, 48 kwa visikosi na vitambaa vinavyomwagika. Sehemu za mshazari zitashuka, mahali pengine sm 1, pengine 4. Kisha mvaaji avae na viatu atakavyovalia, pima kutoka sakafuni kwa rula iliyosimama, weka pini kila sm 8, kata kwa mstari huo. Kupima kutoka kiunoni hakufai, hipsi na makalio vinameza urefu tofauti mbele na nyuma.

Upana wa upindo unategemea umbo. Sketi iliyonyooka inabeba sm 5 hadi 7 na inapendeza kwa uzito huo. Inayofunguka kama yako, 2 hadi 2.5, ukiwa umevuta uzi kidogo kwenye ukingo wa juu ili uliozidi uingie bila vikunjo. Duara kamili, 1 au chini ya hapo, mkunjo mara mbili. Ukilazimisha upindo wa sm 5 kwenye duara, ukingo wa ndani ni mrefu kuliko mahali unapokaa na utapata vikunjo vinavyoonekana nje, pasi haivitoi.

---

Kikwapa_na_Kaba

Kwa gauni lake ningeongeza utepe wa kiunoni kwa ndani. Sketi ya vipande 6 inabeba sehemu kubwa ya kitambaa na ni nzito, na uzito wote unavuta mishono ya juu. Kata utepe usiotanuka wa upana wa sm 2 hadi 2.5, urefu kiuno cha mvaaji + sm 2 baada ya kukunja ncha, yaani 78. Ushone kwa mkono kwenye akiba za mishono na dati tu, usiguse kitambaa cha nje. Sm 5 za karibu na zipu ziache huru, mwishoni weka kulabu mbili. Unafunga utepe kwanza, halafu zipu inapanda bila kuvutwa.

Na kaba ya shingo: ukishaishona na kupunguza akiba kwa ngazi, ya kaba mm 4 na ya gauni mm 7, laza akiba zote upande wa kaba na upige mshono mm 2 kutoka mshononi, juu ya kaba. Huo ndio unaozuia kaba kuchungulia nje. Pasi peke yake haitoshi, ikifuliwa inarudi.

---

Upepo_wa_Pasi

Jambo dogo kuhusu karatasi yenyewe. Pateni za zamani ambazo hazijachapwa, zina matundu badala ya mistari. McCall ilianza kuchapa mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini kampuni nyingine ziliendelea na matundu muda mrefu, Vogue mpaka miaka ya 1950. Matundu makubwa kwa kawaida yanaonyesha uelekeo wa uzi au mahali pa kukunja kitambaa, madogo yanaonyesha dati na mishono, na kila kampuni ina ufunguo wake kwenye maelekezo. Nyoosha karatasi kwa pasi kavu ya joto la chini kabisa, mvuke unaikunja na kuibadilisha kipimo. Pakipasuka usibandike utepe wa plastiki, gundi yake inageuka njano na kuichana zaidi. Nakili yote, andika majina ya vipande na alama za kuoanishia, irudishe kwenye bahasha.

Za kupakua na kuchapa nyumbani, chapa ukurasa wenye mraba wa majaribio kwanza, kwa asilimia 100, na upime pande zote mbili. Mraba wa sm 10 ukisoma 9.7, kifua cha 92 kinatoka 89.

---

PiniNaChaki

Nimeshanakili mbele na kupima mgongo wa karatasi: 41.5. Nakunja 1.5 kama alivyosema Kikwapa. Swali dogo: mstari wa kiuno wa mbele nao ukibaki mrefu, mishono ya ubavuni itakutana?

---

Kikwapa_na_Kaba

Lazima ikutane, kwa hiyo pima ubavu wa mbele baada ya kufunga dati ya ubavuni kwa pini, ulinganishe na ubavu wa nyuma uliokunjwa. Mbele ukizidi 1.5, usiikunje kipande kizima. Ondoa pembeni pekee: chora mstari wa kiuno upya, ukipanda 1.5 kwenye mshono wa ubavuni na kufika sifuri chini ya ncha ya titi. Katikati mbele inabaki na urefu wake, ubavu unalingana. Dati ya kiuno ifunge kwa pini kabla ya kuchora mstari huo, la sivyo ukiifungua mstari utakuwa na kona.